Chemirocha na hukumu ya gitaa la ugenini katika nchi ya chai

Uhakiki wa zamani zaidi tulio nao wa gitaa la Marekani kutoka nchi ya chai uliimbwa Kapkatet, Kericho nchini Kenya, mwaka 1950, na waliouimba ni wasichana wa Kikipsigis. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akingali kijana na kuutumia umri wake kurekodi muziki wa bara hili, alikuwa amefika na mitambo yake. Chemutoi Ketienya na wenzake wakaimba mbele ya kinasa sauti, chepkong, kinubi cha Wakipsigis, ikipigwa, na wimbo usiofika dakika mbili ukahifadhiwa. Anayeimbwa humo ni Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye jina lake lilipita midomo mingi ya Wakipsigis hadi likakaa vizuri katika lugha yao.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi nje ya Kenya, na karibu kila mara kinasimuliwa kwa namna ile ile: watu wa milimani walisikia gramafoni, wakastaajabu, wakaamini kwamba anayeimba mle ndani ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Msikilizaji wa London au New York anatabasamu, anasema wimbo ni mtamu, anaendelea na shughuli zake. Nadhani tabasamu hilo limetunyima jambo kubwa. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wakifanya kazi ambayo wahakiki wa magazeti ya muziki hulipwa kuifanya: walisikiliza sauti ngeni kwa makini, wakaieleza, wakaipima kwa vipimo vyao, kisha wakatoa hukumu. Tena haikuwa hukumu moja.

Historia ya muziki wa gitaa imejaa hukumu zinazogongana. Led Zeppelin walipotoa albamu yao ya kwanza Januari 1969, gazeti la Rolling Stone liliiponda. Mhakiki John Mendelsohn alimwona mpiga gitaa kama fundi asiye na tungo za maana na mwimbaji kama mtu wa kupiga kelele. Mashabiki hawakumsubiri. Kabla mwaka haujaisha albamu ilikuwa imeshaingia kumi bora Marekani, na ya pili ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka uliofuata Lester Bangs aliiponda albamu ya kwanza ya Black Sabbath katika gazeti hilo hilo, lakini huko Uingereza albamu ikapanda hadi nafasi ya nane. Metallica mwaka 1991 walipata kinyume chake: albamu iliyouzwa kwa mamilioni na kupongezwa na wahakiki ikawakasirisha baadhi ya mashabiki wa zamani, walioona bendi yao imelainika ili ipendwe na kila mtu. Kwa hiyo kugawanyika kwa wasikilizaji si dalili ya kutoelewa. Mara nyingi ni dalili kwamba muziki umegusa kitu ambacho watu walikuwa bado hawajakubaliana juu yake.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 na alifanya kazi ya reli kabla ya kifua kikuu kumtoa kwenye mabehewa. Alirekodi kwa mara ya kwanza Bristol, Tennessee, Agosti 1927. Aliimba kwa miaka sita tu, akaacha nyimbo zaidi ya 100, akafariki Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Leo wengi wanamweka kwenye muziki wa kantri, lakini roki nayo inamdai: jumba la kumbukumbu za roki lilipotangaza watu wake wa kwanza mwaka 1986, Rodgers alitajwa miongoni mwa waliotangulia na kufungua njia. Mwaka 1976 Lynyrd Skynyrd, bendi ya magitaa matatu yanayounguruma, waliupiga wimbo wake unaoitaja Texas jukwaani Atlanta na kuuingiza kwenye albamu yao ya moja kwa moja. Anayefuatilia ukoo wa roki nzito kurudi nyuma atampita mtu huyu, na akimpita yu karibu na Kapkatet.

Sauti ya Rodgers ilifikaje huko? Wasimulizi hawakubaliani. Wako wanaotaja wamisheni na gramafoni zao, wako wanaotaja askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Njia zote mbili zinawezekana. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Uingereza yalikuwa yameshapanda michai kwenye miinuko ya Kericho, na pamoja na mabwana shamba zilikuja bidhaa za nyumbani kwao, santuri zikiwemo. Wafanyakazi wa mashambani walitoka pande nyingi, Waluo, Wakisii, Waluhya, pamoja na wenyeji, na kambi za wachumaji zilikuwa mahali ambapo wimbo uliweza kuhama usiku mmoja kutoka lugha moja hadi nyingine. Upande wa Bomet, wamisheni wa Kimarekani walikuwa Tenwek tangu miaka ya 1930. Nchi ambayo leo tunaiona kwenye picha za utalii ikiwa kijani kibichi tulivu ilikuwa wakati huo mahali pa misukosuko. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa maorkoiyot, yaani viongozi wa kiroho, na kuwahamishia Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Mzungu hakuwa hadithi kwa watu wa Kericho. Walimjua kama mwenye shamba, karani wa kodi, mhubiri na askari. Kudhani kwamba wasichana wa mwaka 1950 hawakujua kuwa mtu wa kwenye santuri ni mtu, ni kuwadhania watu waliokua chini ya utawala huo kwamba hawakuwahi kumwona Mzungu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Tracey aliondoka Kapkatet na Chemirocha tatu, akazipa nambari moja, mbili na tatu. Mbili za kwanza ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ile ya wasichana, ndiyo iliyosafiri. Ukizisikiliza pamoja unasikia kitu ambacho wimbo mmoja hauwezi kukuambia: jina lilikuwa limeshakuwa mali ya mtaa mzima, na kila kundi lilikuwa na lake la kusema juu yake. Sauti za wanaume ziko chini, zinasimulia, zimeegemea mdundo wa chepkong bila haraka. Wasichana wanapanda juu, wanaitikiana, wana hamu. Jina lile lile linachukuliwa kwa namna mbili, na mimi nasikia humo wasikilizaji waliogawanyika: waliolitazama jambo kwa mbali na waliolikimbilia.

Sasa tumrudie swala.

Alichokuwa nacho Rodgers na wengine wa zama zake hawakuwa nacho kwa kiwango hicho ni yodeli: sauti inatoka kifuani, inavunjika ghafla na kuruka hadi juu kabisa kooni, kisha inarudi chini. Mwandishi wa magazeti akitaka kuieleza kwa mtu ambaye hajaisikia, atahangaika. Wasichana wa Kapkatet walisema kwamba anayeimba hivi ni mtu kwa nusu, na nusu nyingine ni mnyama anayeruka. Sijasoma maelezo mafupi ya yodeli yaliyo sahihi kuliko hayo. Nusu ya sauti inatembea kama mtu anayezungumza. Nusu ya pili inaruka pasipo onyo. Wimbo unaendelea na kumwalika Chemirocha acheze ile ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua, tena aruke kwa nguvu hadi atokwe na nguo zake. Maana yake, kwa masikio yangu, ni mtihani: sauti yako inaruka, tuone kama mwili wako nao unaweza. Mgeni anasifiwa na kupimwa kwa pumzi moja, na kipimo ni cha wenyeji.

Pia mnyama katika fikra za Wakipsigis si tusi wala ushirikina wa kuchekesha. Kila ukoo wao una kiumbe chake. Watalai wana simba. Kumpa mtu mnyama ni kumtafutia mahali pa kukaa katika mpangilio wa watu. Mwimbaji huyu hakuwa na ukoo, basi akapewa nusu ya kiumbe. Naliona hili kuwa tendo la ukarimu, na pia la kumshika mgeni kwa mbali kidogo, kwa sababu nusu ni nusu. Mashabiki wa bendi yoyote wanajua hisia hizo mbili zinavyoweza kukaa katika moyo mmoja.

Na wakati wanamwalika, mwalikwa alikuwa ameshakufa miaka 17. Mashabiki wa Kapkatet hawakuwa na gazeti la kuwaambia hivyo, wala hawakulihitaji. Msikilizaji wa Elvis Presley mwaka huu yuko katika hali hiyo hiyo.

Tracey naye alikuwa mhakiki, na lazima asomwe hivyo. Alikuwa na mashaka makubwa juu ya muziki wa kigeni uliokuwa ukienea kwa santuri na redio. Aliogopa kwamba utazifuta sauti alizokuja kuzihifadhi. Lakini sikio lake lilikuwa zuri kuliko nadharia yake. Mwaka 1952 alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, na rekodi hiyo ikapewa tuzo. Na miaka miwili kabla ya hapo, alipofika Kapkatet, alikutana na kitu kilichokwenda kinyume na hofu yake: santuri ya Marekani imeingia, na badala ya kuiua chepkong imeipa wimbo mpya wa kupigwa. Aliupenda. Lakini katika maelezo yake aliuweka wimbo upande wa hadithi za miungu ya porini, mfano wa Wagiriki, na maelezo hayo ndiyo yaliyonakiliwa na kila aliyekuja baadaye. Naamini hapo ndipo hukumu ilipogeuka kuwa kioja. Ukiitwa mwamini wa mapepo, hakuna anayekuuliza unaonaje kuhusu sauti ya mwimbaji.

Kanisa lilikuwa na hukumu yake, na bado linayo. Katika nchi iliyolelewa na Africa Gospel Church na madhehebu mengine ya kiinjili, gitaa halikukataliwa, lakini liligawanywa: kuna gitaa la ibada na kuna gitaa la nyimbo za dunia. Mpaka huo unafahamika na kila kijana wa Bomet aliyewahi kujifunza kodi tatu za kwanza kanisani kisha akatamani kuzipiga mahali pengine. Wazazi wanaokataza hawasemi muziki ni mbaya. Wanasema unaelekea wapi na unachezwa na akina nani, saa ngapi, na pombe ya nani. Huo nao ni uhakiki, ingawa hauhusiki na melodia, na mtu anayeandika juu ya mapokezi ya muziki Kericho akiuacha nje atakuwa ameandika juu ya mji mwingine.

Duru ya pili ilikuja na umeme. Mjini Kericho duka la Chandarana, la familia ya Kihindi, likaingia katika kazi ya kurekodi na kutoa santuri, na katika miaka ya 1960 na 1970 mji huu mdogo wa chai ukawa mmoja wa vituo vya muziki wa Kenya magharibi. Wanamuziki wa benga wa Kiluo walipanda mlima kuja kurekodi. Kwa upande wa Wakalenjin akatokea Kipchamba arap Tapotuk, Mkipsigis, kiongozi wa Koilong'et Band, mmoja wa wa kwanza katika jamii yake kurekodi muziki kama kazi. Aliaga dunia mwaka 2007, na hadi leo vituo vya lugha ya Kikalenjin kama Kass FM na Chamgei FM vina wasikilizaji wanaomwomba.

Gitaa la Kipchamba lilikuwa la umeme, lakini namna nyuzi zinavyodonolewa moja moja, zikirudia mzunguko mfupi chini ya sauti ya mwimbaji, inanirudisha kwenye chepkong. Huenda mtu mwingine akasikia benga ya Waluo peke yake, na hatakosea, maana benga nayo ilichukua mwendo wake kwa nyatiti, kinubi cha Waluo. Waliomkosoa Kipchamba na kizazi chake walitoka pande mbili zisizofanana. Upande mmoja ulisema muziki wa magitaa umeacha mila. Upande mwingine, wa vijana wa mjini waliozoea rumba ya Kongo na baadaye redio za Nairobi, ulisema ni wa kishamba mno. Kati ya hukumu hizo mbili kulikuwa na umati wa watu walionunua santuri, wakazicheza kwenye harusi na siku ya malipo ya majani chai, na hawakuandika neno hata moja. Mimi nawaamini hao wa katikati. Wametuachia ushahidi katika vitu walivyonunua na katika nyimbo wanazozijua kwa moyo baada ya nusu karne.

Kantri pia haikuondoka. Atakayepita nyumba na baa za Bonde la Ufa atamsikia Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton mara nyingi kuliko anavyotarajia, na Nairobi amekuwepo Sir Elvis, Mkenya anayejaza kumbi kwa nyimbo za aina hiyo. Wageni wanapenda kulishangaa jambo hili. Anayekumbuka Kapkatet hana cha kushangaa: wimbo wa mtu wa ng'ombe, reli, shamba na mapenzi yaliyovunjika ulipata watu wenye ng'ombe, reli, shamba na mapenzi.

Duru ya tatu ilianza 2014, rekodi ziliporudi. Maktaba ya ILAM, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes Afrika Kusini, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ya Tabu Osusa, na Abubilla Music ya Uingereza, katika mradi wa Singing Wells, kuzirudisha sauti kwa wenyewe. Mwaka uliofuata redio ya NPR ya Marekani ikalitangaza jambo hilo, na Chemirocha ikapata umaarufu wa pili. Waliokuwa vijana mwaka 1950 walikuwa sasa wazee wachache; wengi wa waliorekodiwa walikuwa wameshalala. Nililojifunza katika urejeshaji ule ni kwamba mapokezi ya nyumbani hayakufanana na ya nje. Nje walishangilia hadithi ya swala. Nyumbani maswali yalikuwa ya aina nyingine: huyu anayeimba ni mtoto wa nani, wameishia wapi, na kwa nini sisi ni wa mwisho kusikia. Haya nayo ni maswali ya uhakiki, na ni mazito kuliko yale ya nje, kwa sababu yanauliza rekodi ni ya nani kabla ya kuuliza ni nzuri kiasi gani. Kwa miaka 64 wimbo uliweza kusikika kwenye mkusanyiko wa mtu wa Ulaya kwa urahisi zaidi kuliko Kapkatet kwenyewe.

Hali hiyo haijaisha. Mwaka 2020 wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya bendi yao, Duma, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki mzito kupita roki yoyote iliyowahi kutoka Kenya, na wahakiki wa Ulaya na Marekani waliusifu sana. Wakenya wengi hawakuusikia kamwe, na baadhi ya waliousikia hawakuutaka. Sioni aibu katika kutoutaka. Ninachokitafuta ni maneno ya hao waliokataa na ya hao waliopenda, yaandikwe kwa lugha zetu, kwa vipimo vyetu, ili albamu inayofuata isije ikapata hukumu yake yote kutoka mbali.

Ndiyo maana namng'ang'ania Chemirocha. Walimu wa muziki wa Kericho na Bomet wana mikononi mwao mfano kamili wa wasikilizaji vijana waliokutana na sauti ngeni na kujibu bila kuogopa na bila kuabudu. Waupige wimbo wa tatu darasani, ule maarufu, lakini waanze na wa kwanza na wa pili, wa wanaume, ambazo hazisikiki redioni na ambazo karibu hakuna anayeandika kuzihusu. Wawaulize wanafunzi wanaojua Kikipsigis kila kundi linamwonaje mgeni. Kisha waweke santuri ya Rodgers mwenyewe, wasubiri pale sauti inapovunjika na kuruka, na wawaombe vijana waieleze.